Njia ya shaba iliyoungua kwenye chaja ya sola

Chaja ya sola ya kibanda cha juisi, Likoni, ililetwa kwangu njia yake ya shaba, ule mstari mwembamba unaopitisha umeme kwenye bodi ya saketi, imekuwa nyeusi, rangi ya kijani inayoifunika imefura. Upana milimita 1, unene mikroni 35, na zinapita ampea 10! Kwa fomula ya IPC-2221, kiwango cha usanifu wa bodi za saketi, njia hiyo hubeba ampea 3 hivi joto likipanda nyuzi 20. Ampea 10 zataka karibu milimita 5. Na hizo nyuzi 20 ni juu ya joto letu la Mombasa.

Nilikwangua rangi, nikalaza waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, nikaulehemu mwanzo hadi mwisho. Wengine hurundika solda tupu. Haisaidii sana, ukinzani wake ni kama mara nane ya shaba. Sasa inapata vuguvugu tu.