Muheza hadi Pangani kwa baiskeli: upepo wa tairi na upepo wa kusi

Safari hii ina upepo wa aina mbili, wa baharini na wa ndani ya tairi. Ukikosea mmojawapo utaikokota baiskeli kwa mkono.

Wa baharini ndio unaoamua uanzie wapi. Kati ya Juni na Septemba, kusi (upepo wa kutoka kusini) ikivuma, pakiza baiskeli juu ya basi Tanga mjini, ushuke Muheza. Kutoka hapo shika barabara ya vumbi hadi Pangani, kilomita 40 na ushei, kisha urudi Tanga kwa njia ya pwani kupitia Kigombe na Tongoni, kilomita nyingine kama 50. Muheza iko karibu mita 200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwenye ramani unateremka tu. Kwenye miguu sivyo: kuna vilima vya kupanda na kushuka, na kusi inakujia usoni. Ndiyo maana ya kuondoka saa 12:30 asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Unafika Pangani saa 4 hivi. Mchana unapochangamka, wewe umeshageuka kaskazini na unakusukuma mgongoni hadi Tanga.

Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini), geuza mzunguko: pwani kwanza, Muheza mwisho. Ni kugumu zaidi kwa sababu kupanda kunakuja jua likiwa kali. Masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani. Udongo mwekundu ukilowa unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na kijiti cha kukwangulia kitakusaidia mita mia tu.

Sasa upepo wa tairi, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Fundi wa kona atajaza mpaka tairi liwe kama jiwe, akidhani anakutendea wema. Kwenye changarawe tairi gumu linarukaruka, linakuchosha mikono na linazama kwenye mchanga kama kisu. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la upana wa milimita 40 hadi 45 lenye tyubu aanze na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 35 nyuma na 32 mbele. Ukifika kwenye mchanga wa pwani, shusha hadi 28. Chini ya 25 usiende: rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili sambamba, kama kaumwa na nyoka. Kama pampu yako haina geji, hesabu nyumbani ni pampu ngapi zinazoongeza psi 10, uandike namba hiyo kwenye pampu yenyewe.

Wenye baiskeli za Phoenix wasijidharau. Tairi lake la 28 x 1½ lina upana wa milimita 40, upana uleule ambao watu wa baiskeli za changarawe wanaulipia pesa nyingi. Ila rimu yake ni kubwa kuliko ya 700c, saizi ya baiskeli hizo za changarawe, kwa hiyo tairi haziazimani. Tyubu zinaazimana, kwa shida kidogo, na hilo ni muhimu kwa sababu maduka ya vijijini huuza za 28 na za 26. Angalia valvu kwanza: rimu iliyotobolewa kwa valvu nyembamba haipokei valvu nene ya aina ya gari. Beba tyubu zako mbili, viraka sita, solusheni ambayo haijakauka (ifungue uihakikishe kabla ya kuondoka) na kipande cha tairi kuukuu cha kuziba mpasuko kwa ndani.

Pancha nyingi za njia hii ni za miiba. Mbigili hukaa kwenye mchanga wa kando, na jani la mkonge lina mwiba nchani unaopenya tairi bila kuuliza. Majani yanaanguka kutoka kwenye trela za trekta, kwa hiyo chunga penye makutano ya njia za mashamba. Mkonge wenyewe uliingia nchini kupitia hapa Pangani mwaka 1893, ulipoletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani; miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Usikatize ndani ya mashamba bila kuomba ruhusa. Zaidi ya adabu, mistari yote inafanana, na ukipinda mara tatu hujui tena bahari iko upande gani.

Kwenye mchanga, punguza gia kabla ya kuingia, sogeza uzito nyuma, legeza mikono, usiache kukanyaga pedali. Anayekata usukani ghafla anaanguka. Mara nyingi kuna kinjia cha waenda kwa miguu pembeni, kigumu na safi. Penye vijituta vya mfululizo kama bati, simama kila baada ya saa moja ukaze skrubu za karia. Zinalegea zenyewe, na karia likiangukia spoku safari imeisha. Cheni ifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kuipaka mafuta, tone moja kila kiungo. Oili chafu ya pikipiki ikichanganyika na vumbi inakuwa msasa.

Maji: lita 3 za kuondokea, ujaze tena Pangani. Machungwa ya Muheza ni chakula tosha cha saa ya kwanza. Dafu ni zuri lakini lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, wakati jasho linakutoa chumvi; lichanganye na maji ya lita moja yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwezi wa Ramadhani beba kila kitu, maana mama lishe wengi hufunga biashara mchana, na ule kwa kujificha.

Pangani, ukiwa na muda, vuka na baiskeli kwa kivuko hadi Bweni ulione bonde kutoka ng'ambo. Usishuke kuosha baiskeli mtoni. Huko juu kuna mamba.

Na tembo la mnazi? Lisubiri mpaka Tanga. Mgema hukata karara asubuhi na jioni, na linaloshuka mtini ni tamu kama juisi. Jua likipanda linachacha haraka, na ifikapo kesho yake linaelekea kuwa siki. Kulinywa katikati ya njia ni kujikausha maji kwa hiari. Tena mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hayo maji huweza kuvuruga tumbo. Ukitaka kulibeba, jaza chupa robo tatu tu na kifuniko ukilegeze, kwa sababu linaendelea kutoa gesi njiani. Chupa iliyokazwa, ikitikiswa ndani ya begi, hupasuka karibu na Tongoni, na viraka vyako vyote vitanuka pombe.