Ngumi ya Askari Isiyopiga Hewa

Tafakari ya juma. Masomo: 1 Wakorintho 9:24–27, Luka 3:14

Tumsifu Yesu Kristo.

Juma hili tunawatafakari askari polisi wa jumuiya zetu hapa Mtwara, hasa wale ambao ngumi, judo na karate wamezipenda tangu utotoni na bado wanafanya mazoezi wakikaribia kustaafu. Wapo waumini wanaoona mapenzi hayo hayaendani na imani. Mtume Paulo hakuona haya kujifananisha na bondia: “napigana ngumi vivyo hivyo, si kama apigaye hewa.” Aliwaandikia Wakorintho, majirani wa michezo ya Isthmia iliyofanyika kila baada ya miaka 2. Mabondia wa enzi zile walijifunga mikanda ya ngozi mikononi, hawakuwa na raundi wala madaraja ya uzito, na pambano liliendelea hadi mmoja aanguke au anyooshe kidole kukubali yaishe. Wasomaji wale walijua kupiga hewa kunamgharimu nini mtu.

Ngumi ikifika, shabaha ndiyo inayousimamisha mkono. Ikikosa, kazi hiyo wanaachiwa bega na kiwiko: kiwiko kinanyooka kupita kiasi, mwili unavutwa mbele, kidevu kinabaki wazi. Mwenye hasira ndiye anayekosa zaidi, maana anabana pumzi, anakaza mabega na kurusha makonde mazito yasiyofika, na raundi ya kwanza haijaisha keshachoka. Kocha mzuri humrudisha kwenye mambo madogo: toa pumzi kwa kila ngumi, mkono usiopiga ubaki shavuni, kunja ngumi kwa nguvu pale tu inapogusa.

“Nautesa mwili wangu na kuutumikisha,” anaendelea Paulo. Kwetu pwani kazi hiyo hufanywa alfajiri, ufukweni Shangani, kabla jua halijapanda. Miezi ya unyevu jasho halikauki, kwa hiyo mwili haupoi. Jipime uzito kabla na baada. Kwa kila kilo 1 iliyopungua, unywe kama lita 1 na nusu ya maji, kidogo kidogo.

Begi la mazoezi nalo lina mambo yake. Wengi hujaza mchanga mtupu kwenye gunia la korosho, mchanga unashuka, na baada ya muda chini pamekuwa jiwe la kuumiza vifundo vya vidole. Afadhali nguo chakavu zilizokatwakatwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka; ukitaka uzito, weka kilo chache za mchanga kwenye mfuko uliofungwa vizuri, katikati. Bandeji ya mkono ya mita 4.5 ianzie kitanzi cha kidole gumba, izunguke kifundo cha mkono mara 3, vifundo vya vidole mara 3, ipite kati ya vidole, imalizikie kwenye kifundo cha mkono. Ukikunja ngumi usikie imekaza. Ukifungua, vidole visife ganzi.

Lakini kazini hakuna glovu. Fuvu la kichwa ni gumu kuliko mifupa ya kiganja, na anayempiga mtu kichwani kwa mkono mtupu mara nyingi huvunja mfupa ulio chini ya kidole chake cha mwisho. Ndiyo maana tunaona judo, aliyoianzisha Kano Jigoro huko Japani mwaka 1882, inamfaa polisi kuliko ngumi. Mwanafunzi huanza kwa kujifunza kuanguka, kidevu kifuani na mkono ukipiga mkeka, kabla hajaruhusiwa kumwangusha mwenzake. Baadaye hufundishwa kumdhibiti mtu kwa kumshika, bila kumpiga.

Mtuhumiwa akishafungwa pingu, ageuzwe ubavu au aketishwe mara moja. Kumwacha kifudifudi, goti mgongoni, kunambana pumzi na kunaweza kumwua hata kama hana jeraha. Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, aliwaambia, “Msidhulumu mtu.” Kwa askari aliyezoeza mikono yake miaka 30, neno hilo lina uzito kuliko popote katika zile sekunde chache baada ya pingu, mtuhumiwa akiwa bado anamtukana na watu wanashangilia pembeni.

Katika sala za jumuiya juma hili tuwataje kwa majina askari wetu wa zamu za usiku: mjini, bandarini, na kule mpakani Mtambaswala.