Jiwe la Babu, kutoka Thika hadi Museum Hill

Tuliondoka Thika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, babu akiwa amekaa dirishani na kiondo mapajani. Ndani ya kiondo mlikuwa na leso kuukuu ya nyanya, na ndani ya leso jiwe jeusi, ukubwa wake kama viazi viwili vilivyoota vikashikana. Kondakta alitaka kukisukuma kiondo chini ya kiti. Babu akakikumbatia kwa mikono miwili, akasema, "Hiki hakikai chini, mwanangu," na kondakta akamwacha.

Jiwe hilo limekaa nyumbani kwake tangu 2011. Jumamosi ya tarehe 16 Julai mwaka huo, mwendo wa saa nne asubuhi, mbingu ya Thika ilipiga mshindo, na mawe yakaanguka kwenye mashamba ya watu. Ukitazama orodha ya vimondo vya dunia leo utakuta jina "Thika", kimondo cha aina ya L6, yaani cha mawe chenye chuma kidogo, kilo kumi na nne hivi zilizookotwa. La babu halimo katika hesabu hiyo. Aliliokota kesho yake kati ya mikahawa, kwenye kishimo kisichozidi kina cha kiganja, na wanunuzi walipoanza kupita nyumba kwa nyumba alilifunga kwenye leso, akalitia kabatini na kunyamaza.

Mimi ndiye niliyemsumbua. Nimekuwa mpenzi wa vimondo tangu shuleni, na miaka yote hii najua liko pale, halina jina wala karatasi. Mwaka huu babu alikubali. Nilimwomba mwanajiolojia mmoja ninayemfahamu atuone, tukaafikiana kukutana Museum Hill, karibu na Makumbusho ya Taifa ya Nairobi.

Barabara ya Thika ilikuwa imeziba kuanzia Githurai. Mama aliyekaa mbele yetu aligeuka akauliza tumebeba nini kwa heshima namna hiyo. Babu akamjibu waziwazi: jiwe kutoka mbinguni. Gari zima likachangamka. Kijana mmoja akauliza kama ni kama kile chuma cha Makueni. Alikusudia ile pete iliyoanguka kijiji cha Mukuku tarehe 30 Desemba 2024, kipenyo chake mita mbili na nusu hivi, uzito kilo 500 hivi. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni sehemu ya roketi. Nikamwambia kile kilitengenezwa na binadamu kikapanda juu, kisha kikarudi. Hili, kama ndilo, halikuwahi kuguswa na mkono wa mtu kabla ya ule wa babu. Kijana akaomba alishike. Babu akafungua leso, na jiwe likapita viti vitatu na kurudi, kila mmoja akistaajabia uzito wake.

Tulishuka Ngara tukateremka kwa miguu hadi Kamukunji. Hapo nilifanya jambo ninalolijutia, nalo nalieleza ili asilirudie mwingine. Nilitaka kufika kwa mtaalamu nikiwa na hakika kwamba sibebi takataka, kwa sababu vitu vingi vinavyodhaniwa vimondo huwa ni mavi ya chuma kutoka viwandani. Njiani nilikuwa nimetoa sumaku kubwa ya spika mbovu nikalisugua jiwe kila upande, nikifurahia jinsi inavyong'ang'ania. Sasa nikamtafuta fundi mwenye grainda.

Chini ya mabati ya Kamukunji, nyundo zinalia kiasi kwamba watu huzungumza kwa macho. Fundi aliyetupokea alikuwa anakunja bati la sanduku. Alilipokea jiwe, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye vishimo vya mgongo wake, vile vinavyofanana na alama za vidole kwenye ugali mbichi. "Mzee wangu, hili si mavi ya chuma," akasema kabla ya kuwasha mashine. "Mavi ya chuma yana matundu kama mkate."

Nikamwomba aguse kona tu. Grainda ilipiga kelele, cheche chache zikaruka, ikanuka kama baruti. Alipofuta vumbi kwa shati lake tulimsogelea sote. Gamba jeusi lilikuwa jembamba kama ganda la yai. Chini yake jiwe lilikuwa la kijivu, rangi ya saruji iliyokauka, na ndani ya ule ujivu vikametameta vichembe vya chuma, vidogo kama chumvi, mamia yake. Pembeni mwa vingine kulikuwa na duara la kutu, rangi ya chai ya rangi. Fundi alikataa pesa. Alimwomba babu amruhusu alitazame tena.

Tukapanda gari la Westlands tukashuka Museum Hill saa nne na nusu. Daktari (ndivyo tunavyomwita yule mwanajiolojia) alikuwa ameketi chini ya mti na mizani ndogo, lenzi, na kisumaku kidogo kilichoning'inizwa kwenye uzi. Nilipomwonyesha sumaku yangu ya spika kwa fahari, uso wake ulibadilika. Akanieleza taratibu. Madini ya kimondo hubeba kumbukumbu ya usumaku, alama iliyoachwa wakati mfumo wetu wa Jua ulipokuwa unajiunda, miaka zaidi ya bilioni nne na nusu iliyopita. Sumaku kali ikigusa mara moja tu, alama hiyo hufutika na haiwezi kurudishwa. Ndiyo maana yeye hutumia kisumaku cha uzi, anakiacha kivutwe kwa mbali, hakigusishi.

Sikuwa na la kusema. Jiwe limepita angani, likakaa kabatini miaka yote hii salama, nami nikalifuta kwa furaha ndani ya matatu. Babu alinishika bega.

Daktari akaendelea na kazi. Mizani ikasoma gramu 412. Akaitazama ile kona aliyoisaga fundi kwa lenzi kwa muda mrefu, akasema kwa jicho lake ni kondraiti ya kawaida, yaani kimondo cha mawe cha aina inayoanguka mara nyingi zaidi, na linafanana na mawe ya Thika aliyowahi kuyaona. Lakini jicho halitoshi. Ili jiwe litambuliwe rasmi lazima lichunguzwe maabara, na ikiwa ni kimondo kipya sehemu yake ibaki kwenye taasisi ya kuhifadhi, gramu 20 au asilimia 20 ya uzito, kutegemea ipi ni ndogo. Babu akauliza gramu 20 ni kiasi gani. Daktari akamwonyesha kwa ncha ya kidole gumba. Babu akanyamaza kidogo, halafu akatikisa kichwa kukubali.

Kisha Daktari akatusimulia kuhusu Rumuruti. Usiku wa tarehe 28 Januari 1934 kimondo kilianguka pale Laikipia, na jiwe lililohifadhiwa, gramu 67 tu, likaishia katika mkusanyiko wa Berlin. Lilikaa huko miongo mingi kabla ya watu kulichunguza sawasawa na kugundua kwamba halifanani na aina zilizojulikana: chuma chake karibu chote kimeshikana na oksijeni, hata vichembe vya kumetameta ni shida kuvipata. Sasa kundi zima la vimondo duniani, hata vile vya jangwa la Sahara, linaitwa R, yaani Rumuruti. Na lile kundi jingine la vimondo liitwalo CI, linaloshabihiana na Jua kwa kemia yake kuliko mawe mengine, herufi I ni ya Ivuna, Tanzania, kilikoanguka kimondo Desemba 1938. Nilikuwa nimesoma habari hizo. Kuzisikia nikiwa Nairobi, jiwe la babu likiwa kwenye nyasi kati yetu, kulinipiga kifuani.

"Sasa niambieni," akasema akifungua daftari, "lilianguka wapi hasa, nani alikuwapo, alisikia nini." Nilishangaa kuona kwamba hapo ndipo alipoandika zaidi kuliko wakati wote aliolishika jiwe. Jiwe bila mahali na siku, alisema, limepoteza nusu ya habari yake, na maabara haiwezi kuirudisha. Hata Sericho, kule Isiolo, mawe mazito ya chuma na olivini, madini ya rangi ya kijani, yalijulikana na wachunga ngamia tangu zamani. Yaliingia kwenye vitabu baada ya ndugu wawili waliotafuta ngamia wao mwaka 2016 kuyakuta na kutaka kujua ni nini.

Babu alisimulia vizuri, ila kila akifika kwenye ule mshindo alisema, "Hapo sijui, nilikuwa bondeni. Aliyekuwa uani ni nyanya yako." Basi nikampigia nyanya, nikaweka simu kwenye sauti kubwa.

Nyanya hakuhitaji kukumbushwa. Alikuwa anapepeta maharagwe. Alisikia mishindo, kisha mvumo kama lori linalopanda mlima, na kuku wote wakakimbilia chini ya ghala kabla yeye hajainua kichwa. Halafu kitu kikapiga mgomba. Daktari alikuwa anaandika mbio mbio.

"Na lile dogo mmelipima?" nyanya akauliza.

Babu akainama kwenye simu. "Dogo lipi?"

"Lile lililopiga mgomba. Si ndilo ninalowekea juu ya kifuniko cha mtungi jikoni, kisichezeshwe na paka. Liko hapa, nalitazama."

Kukawa kimya kwenye nyasi za Museum Hill. Daktari aliweka kalamu chini, akaniomba simu.

"Shikamoo mama," akasema. "Tafadhali usilioshe. Na usiligusishe sumaku yoyote. Tunakuja."