Tunu ya Kupeleka Bara

Msafiri anaporudi nyumbani, watoto humpokea mkoba kwa adabu, lakini macho yao huwa yameshaufungua kabla haujawekwa chini. Kwa hiyo nilipoondoka Nakuru wiki iliyopita kwenda Mombasa kwa arusi ya binamu yangu, nilikuwa na watu wanne kichwani: mama mkwe wangu, mume wangu, jirani anayenitazamia nyumba, na binti yangu wa miaka tisa, ambaye aliagiza mabuyu na hakutaka mjadala zaidi. Nilijiwekea sharti moja tu, kwamba kila nitakachokibeba kiwe kimetengenezwa Mombasa.

Sharti hilo lilitokana na twiga. Miaka sita iliyopita nilinunua twiga mweusi kwa mchuuzi mmoja wa ufuoni aliyeniapia kwamba ni mpingo mtupu. Nilimzungushia shali yangu nyeupe, na nilipomfungua nyumbani shali ilikuwa na madoa meusi yaliyonuka rangi ya viatu. Haikupita miezi miwili shingo ikapasuka kutoka sikioni hadi begani, kwa kuwa mti ulichongwa ungali mbichi, na hewa kavu ya Bonde la Ufa haikuwa na subira nao. Mume wangu aliuziba ufa kwa gundi. Twiga yupo hadi leo juu ya kabati, ameelekezwa ukutani.

Safari hii nilimwomba shangazi yangu wa Majengo anisindikize. Tulianzia Mji wa Kale, kwenye maduka yaliyo karibu na Ngome ya Yesu, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Vitu vilikuwa tele na vilipendeza, lakini kila nilipouliza asili yake jibu lilinipeleka mbali na bahari: visahani na viboko vya mawe laini vinatoka Tabaka huko Kisii, viondo vinatoka Ukambani, na shanga zimetungwa kwa mtindo wa Kimaasai. Ni kazi nzuri za Wakenya wenzetu, na sina neno nazo, ila mtu wa Nakuru kwenda Mombasa kununua jiwe la Kisii ni sawa na kuzunguka mlima ili kufika kwa jirani. Makombe na simbi za baharini niliyapita bila kusimama, kwa sababu mengi huvuliwa yakiwa na mnyama hai ndani, na sikutaka kumfundisha mwanangu kwamba bahari ni duka.

Shangazi alinifuata kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na hivi vyote, sisi wenyewe wa hapa twavitumia?" Sikuwa na jibu, na swali lake likanikaa kichwani kuliko sharti langu.

Siku iliyofuata nilipanda matatu hadi Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanzishwa mwaka 1963. Hapo sharti langu lilianza kuyumba. Vinyago vinachongwa Mombasa, mbele ya macho yako, lakini sanaa yenyewe ilifika kwa njia ndefu: Wakamba humtaja Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga akiwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ujuzi huo kwao, na vizazi vilivyofuata vikaushusha pwani kulikokuwa na mabaharia na watalii. Ndani ya mabanda wachongaji huketi chini, gogo wamelibana kwa nyayo, na tezo hushuka karibu na vidole vya miguu kiasi cha kunifanya nitazame pembeni. Nilimsimulia mzee mmoja kisa cha twiga wangu. Hakucheka. Aliokota vibanzi viwili sakafuni, akavitumbukiza katika kopo la maji ya kunywa; kimoja kikazama moja kwa moja kama msumari, cha pili kikaelea. Kilichozama ndicho mpingo, akasema, na kilichoelea ni mwarobaini, na mwenye kutaka kujua asikague rangi bali apime uzito mkononi na kutazama chini ya kwato, mahali ambapo rangi huwa haikupakwa vizuri. Alinieleza pia kwamba mpingo na muhugu vimekatwa hadi vikaadimika, ndiyo maana wengi sasa huchonga mwarobaini na mwembe, miti inayokua upesi. Nilinunua twiga wa mwarobaini, wa kahawia isiyo na makuu, kwa ajili ya mume wangu, ambaye naamini gundi yake ilistahili heshima hiyo. Sifa kubwa ya twiga huyu ni kwamba hajifanyi mpingo.

Leso ndiyo iliyonisumbua zaidi. Hakuna kitu cha Kimombasa kuliko leso. Mtoto hufunikwa nayo anapozaliwa, bibi arusi huipokea, maiti husindikizwa nayo. Na bado, nilipomuuliza muuzaji mmoja wa Barabara ya Biashara imechapishwa wapi, alinijibu bila kusita kwamba robota lile limetoka India na lile jingine limetoka China. Hata neno leso tulilipata kwa Wareno, pamoja na vitambaa vyao vya mkononi ambavyo bibi zetu waliviunganisha wakavifanya nguo. Nilitaka kukata tamaa. Shangazi akaniketisha kwenye kibenchi, akataka tufunuliwe.

Mwenye kuuza leso hafunui hivi hivi. Huivuta doti kutoka kwenye rundo, huikung'uta mara moja hadi harufu ya wanga ikupige puani, kisha huishika kwa ncha mbili ili pindo lizunguke vizuri, mji ukae katikati, na jina lisomeke. Jina ndilo linalonunuliwa. Aliyepewa sifa ya kuanza kutia majina kwenye leso, mwanzoni mwa karne ya 20, ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye alama yake ya "K.H.E. Mali ya Abdulla" akina mama wanaitafuta mpaka leo. Kwa hiyo kitambaa kinaweza kuvuka bahari mara mbili, lakini maneno yake ni ya kwetu, na hasira zake, na mapenzi yake.

Niliipenda moja ya rangi ya zambarau mpaka Shangazi alipoisoma kwa sauti: "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Kumpelekea mama mkwe jina hilo ni kutangaza vita. Nikachagua "Wema hauozi". Shangazi akainamisha kichwa na kuniuliza kama nakusudia kumkumbusha wema wake au wema wangu, na hapo nikatambua kwamba methali ninayoifundisha darasani kila mwaka haijawahi kunionyesha upande wake wa pili. Tulipitia doti zisizopungua ishirini. Muuzaji hakulalamika hata kidogo. Alipomjua Shangazi kuwa mwenyeji aliagiza kahawa chungu, akaendelea kukung'uta. Mwishowe tukakubaliana juu ya "Nani kama mama", jina ambalo kila duka linalo na ambalo mimi nililiona limechakaa. "La kawaida halina fitina," akasema Shangazi, na pesa zikatolewa.

Doti huuzwa ikiwa kipande kimoja kisichokatwa. Nje ya duka, kwenye baraza, palikuwa na fundi aliyekaa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na kazi yake ya kutwa ni kukata na kupinda leso za wateja. Alizikunja doti zangu katikati, akapitisha mkasi kwa mkono mmoja pasipo kupima, kisha akapinda ncha kwa upindo mwembamba kama uzi wa katani, huku akizungumza na jirani yake kuhusu mpira. Hakutazama sindano zaidi ya mara mbili. Nilimlipa pesa kidogo mno, nikaona aibu, nikaongeza. Mpindo ule ni wa Mombasa. Mama mkwe wangu akiivaa, ubavuni mwake itakuwapo mishono ya fundi yule, na sharti langu nikaliachia lilegee hapo.

Halua haikunipa taabu. Sukari, wanga, samli, iliki na zafarani, vyote vinaweza kuwa vimetoka kwingine, lakini mkono unaokoroga karai kwa masaa hauagizwi nje. Nilinunua kilo mbili za jirani yangu, zingali na joto, samli ikitoka jasho kwenye karatasi; halua haiharibiki upesi, nayo inabebeka safarini. Mabuyu yalinunuliwa kwa dakika moja, mekundu kabisa, na vidole vyangu vikabaki vyekundu hadi jioni.

Kilichobaki kilikuwa changu mwenyewe, na hapo nililirudia swali la Shangazi. Je, yeye hutumia nini kila siku ambacho mimi sina? Nilipoingia jikoni kwake usiku ule nilimkuta amekalia mbuzi, sinia liko chini ya ulimi wa chuma, na tui la wali wa arusi likisubiri. Ile mbuzi imelainika kwa kukaliwa, mbao zake zinang'aa kuliko kinyago chochote nilichokiona. Asubuhi nilikwenda upande wa Marikiti nikanunua mpya, ya kukunjwa, iliyotengenezwa na seremala wa mtaani na ambayo bado ilinuka mbao. Shangazi akaikalia kwanza pale pale dukani, akayumba kulia na kushoto kuona kama miguu iko sawa, akaikataa, akataka nyingine. Ya tatu ndiyo tuliyoichukua, pamoja na nazi nne.

Katika kituo cha treni cha Miritini mizigo hupangwa chini na kunuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Mbwa hakujali kitu isipokuwa halua. Kwenye mashine, afisa kijana, ambaye lafudhi yake ilinieleza kwamba ni mtu wa bara kama mimi, alisimamisha mkanda, akakazia macho picha ya ule ulimi wenye meno, akaniuliza nimebeba nini. Nikamjibu kwamba ni mbuzi. Akanitazama, akautazama mkoba, akauliza tena kwa sauti ya kikazi zaidi. Nikaitoa, nikaikunjua mbele yake, na yeye akaizunguka pande zote kama mtu anayetafuta kichwa cha mnyama. Aliniamuru niuzungushie ule upande wa chuma magazeti na nguo, na nilipokuwa nikiinama kuufunga, mzee mmoja mwenye kofia nyuma yangu kwenye foleni akamwambia kwa upole, "Mpishe, mwanangu. Mbuzi hiyo haili majani, yala nazi."