Chuma Hakikutosha: Uzoefu Wangu wa Kutibu Upungufu wa Damu

Kwa muda mrefu nilimeza vidonge vya kuongeza damu bila kuruka siku, na bado kila nilipopimwa himoglobini ilikuwa haijatoka kwenye gramu 8 na kitu kwa desilita, ilhali kwa mwanamke asiye mjamzito Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni upungufu wa damu inaposhuka chini ya 12. Nikipanda ngazi chache tu moyo ulikwenda mbio na masikio yakavuma. Walionihudumia mwanzoni walikuwa na jibu moja, yaani kuniongezea dozi ya chuma, nayo ikaniletea choo kigumu na cheusi bila kuniongezea damu.

Mambo yalibadilika nilipofika kwa daktari wa magonjwa ya damu. Kabla ya kuandika dawa yoyote, aliyapanga mezani majibu yangu yote ya maabara kwa kufuata tarehe, akanionyesha kwa ncha ya kalamu himoglobini iliyoganda palepale na feritini, yaani protini inayohifadhi chuma mwilini, iliyokuwa ikipanda kila mara. Chuma kilikuwa kinaingia lakini hakitumiki, kama ghala lililojaa nafaka huku mwenye ufunguo hayupo. Kisha akateremsha kalamu hadi kwenye mstari ambao hakuna aliyewahi kunitajia, wa neutrofili, zile chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria. Nazo zilikuwa chini, jambo ambalo upungufu wa chuma peke yake kwa kawaida hausababishi.

Akaniomba nimtajie kila ninachomeza, hata kile nisichokihesabu kuwa dawa. Nikataja vidonge vya zinki vya miligramu 50, nilivyoshauriwa kutumia kila siku kwa ajili ya nywele zilizokuwa zikinyonyoka, na ambavyo aliyenipa hakuniwekea kikomo. Mtu mzima huhitaji zinki miligramu 8 hadi 11 kwa siku, na kiwango cha juu kinachokubalika ni 40. Zinki ikizidi, seli za utumbo hutengeneza kwa wingi protini iitwayo metalothionini, ambayo huishika shaba kwa nguvu zaidi kuliko inavyoishika zinki yenyewe, na shaba hiyo hubaki humo mpaka seli zinapobanduka na kutoka na choo. Nilipopimwa shaba na seruloplasmini, vyote viwili vilikuwa chini sana.

Seruloplasmini ndiyo iliyonifungua macho. Ni protini yenye shaba, na kazi yake mojawapo ni kukigeuza chuma kinachotoka kwenye hifadhi ili transferini, protini inayosafirisha chuma katika damu, iweze kukibeba hadi kwenye uboho, mahali damu inapotengenezwa. Mwaka 1928 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba panya waliopungukiwa damu kwa kulishwa maziwa matupu hawakupona kwa chuma safi mpaka walipoongezewa shaba. Inanisikitisha kwamba jambo lililojulikana zamani kiasi hicho halimo katika maswali ya kwanza anayoulizwa mgonjwa ambaye chuma hakimsaidii.

Shaba hiyohiyo, pamoja na zinki, imo katika kimeng'enya cha superoksidi dismutase, na madini ya seleni yamo katika kimeng'enya kingine, glutathioni peroksidase. Vyote viwili huilinda chembe nyekundu isiharibiwe na oksijeni inayoibeba. Chembe hiyo ikishakomaa haina kiini na haiwezi kutengeneza protini mpya, kwa hiyo ulinzi iliotoka nao kwenye uboho ndio itakaoishi nao kwa siku zake 120 hivi. Niliposikia hayo nilitaka kununua vidonge vya antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia uharibifu wa namna hiyo, lakini daktari alikataa, na naona alikuwa sahihi. Vitamini C, ambayo ni antioksidanti, ikimezwa pamoja na chuma hukigeuza kiwe katika hali inayofyonzwa kwa urahisi. Polifenoli za chai, ambazo nazo ni antioksidanti, hukinasa chuma tumboni kisifyonzwe. Na chuma chenyewe kikizidi huzalisha radikali huru, yaani molekuli zisizo thabiti zinazoharibu seli. Jina la antioksidanti peke yake halimwambii mgonjwa kitu.

Tiba yenyewe ilikuwa fupi kuieleza. Niliacha zinki, nikasimamisha chuma, nikapewa shaba miligramu 2 kwa siku chini ya uangalizi wa daktari, huku vipimo vikirudiwa. Neutrofili ndizo zilizopanda kwanza. Himoglobini ikafuata hadi ikavuka 12, na wakati huohuo feritini ikawa inashuka, ishara kwamba chuma kilichokuwa kimelala kimeanza kutumika. Ganzi ya nyayo, ambayo sikuwahi kuihusisha na damu, imepungua lakini haijaisha, kwa sababu upungufu wa shaba huathiri pia mishipa ya fahamu, nayo hupona polepole kuliko damu na pengine isipone kabisa. Ndiyo maana bado napimwa shaba, ingawa himoglobini yangu sasa haina tatizo.