Mbwa wa zizi upande wa Magu: mradi ulipofikia

Lengo la mradi huu ni kupata ukoo wa mbwa wa kienyeji watakaolala zizini na mbuzi, wambwekee fisi akiwa bado mbali, wafukuze nguruwe pori kwenye viazi, na wasiume mtu wala kukimbiza vitoto vya mbuzi. Niko wilaya ya Magu, si mbali na pale mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke. Fisi wanashuka kutoka kwenye vilima vya mawe. Nguruwe pori wakiingia kwenye matuta ya viazi usiku mmoja, asubuhi unakuta kazi ya mwezi imefukuliwa. Tumbili wanakuja mchana, watu wakiwa majarubani. Kenge wanatoka kwenye matete kufuata mayai na vifaranga. Kiboko naye hupanda usiku kula bustani, na huyo sitaki mbwa wangu yeyote amsogelee.

Wazazi

Karibu kila niliyemshirikisha aliniambia niende mjini Mwanza nikanunue mbwa wa kizungu, mkubwa, mwenye kutisha. Nilikataa na bado nakataa. German Shepherd alichaguliwa kizazi hadi kizazi afanye kazi na mtu, amfuate na kumsikiliza, akiongoza kondoo wasivuke mpaka wa malisho. Kulala peke yake katikati ya mbuzi, bila mtu wa kumwamuru, ni kazi nyingine kabisa. Kisha anakula sana, ana manyoya mazito kwa jua hili, na kupe wetu hawamhurumii. Mbwa wa kienyeji aliyefika utu uzima kijijini amekwisha kupimwa na jua, njaa na magonjwa, na mama yake alipimwa hivyo hivyo.

Sisemi kwamba mbwa wa kigeni hafai popote. Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa aina ya Anatolian tangu 1994, na mbwa wa aina hiyo wamefika pia kwa wafugaji walio karibu na Ruaha hapa nchini. Hao ukoo wao ni wa Uturuki na wamezaliwa kwa kazi hii hii ya kulinda. Lakini Botswana wamechukua mbwa wao wa kawaida wa vijijini, wakawalea na mbuzi tangu wadogo, na wanalinda vizuri. Hilo ndilo lililonipa moyo kuanza na walio hapa.

Jike niliyeanza naye, Safari, nilimpata kwa mfugaji wa Misungwi. Sikumchagua kwa umbo. Nilikaa malishoni nikamtazama: mbuzi wakihama kichaka, naye anahama, wakilala, anazunguka na kulala upande upepo unakotoka. Dume ni wa jirani, mbwa mwekundu mwenye kifua kipana, na sifa iliyonivuta ni kwamba akishafukuza kitu hakifuati hadi mtoni. Anasimama, anabweka, kisha anarudi kwenye kundi. Mbwa anayefuata adui hadi mbali anaacha mbuzi wazi kwa fisi wa pili.

Kabla ya kumpandisha, dume huyo alikaguliwa na daktari wa mifugo kuona kama ana uvimbe wa sehemu za siri. Watu wengi hawaujui ugonjwa huu ingawa unaonekana sana kwa mbwa wanaozurura. Ni saratani inayoambukizwa: chembe zenyewe za uvimbe huhama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine wakati wa kupandana. Mbwa anayedondosha damu kidogo kidogo bila kuwa na jeraha, asipandishwe hadi atibiwe. Hutibika kwa sindano za vinkristini, ila ni kazi ya daktari, si ya duka la pembejeo.

Jike akiingia joto, banda liwe na kuta na paa. Joto huchukua kama wiki tatu, na madume ya kijiji kizima yatakuja. Tumbo moja linaweza kuwa na watoto wa baba wawili au watatu, na hapo kumbukumbu zako zote za ukoo zinakuwa hazina maana.

Kuzaa

Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, huweza kupungua au kuzidi kidogo. Kipimajoto kilinisaidia kuliko kuhesabu. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39. Likishuka chini ya 37 na nukta chache, uchungu huja ndani ya siku moja. Safari alizaa sita usiku wa mvua ya vuli, bila msaada. Mmoja alikuwa dhaifu, hakunyonya, akafa. Watano walipata dang'a mapema, na hilo ndilo nililolisimamia kwa macho yangu, kwa sababu kinga ya siku za kwanza inatoka humo. Wiki mbili za mwanzo kitoto cha mbwa hakiwezi kujipasha joto chenyewe, kwa hiyo tuliweka nyasi kavu na magunia, tukaziba upepo wa ziwani.

Dawa ya minyoo walianza wakiwa na wiki mbili, kwa uzito, kisha kila baada ya wiki mbili hadi walipoachishwa.

Zizini

Hapa ndipo roho ya mradi ilipo, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Marekani, mtafiti Raymond Coppinger wa Hampshire College alianza miaka ya 1970 kufuatilia mbwa wa kulinda mifugo waliotoka Ulaya na Uturuki. Alichosisitiza ni kwamba mbwa hujifunza nani ni ndugu zake katika muda mfupi wa utoto, kuanzia wiki ya tatu au ya nne hadi kama ya 16. Akiupitisha muda huo na mbuzi, mbuzi ndio jamaa zake. Akiupitisha na watoto wa nyumbani, atawapenda watoto wa nyumbani, na ukimpeleka zizini akiwa mkubwa atarudi mlangoni kwako kila jioni. Alitaja mambo matatu ya kumpima mbwa wa namna hii: awe makini na kundi, asiwadhuru, na awatetee. Mpangilio huo naupenda kwa sababu kutetea kunakuja mwisho. Watu wetu wanatafuta ukali kwanza.

Kwa hiyo tulijenga kibanda cha fito ndani ya zizi, nafasi za chini zikitosha mtoto wa mbwa kupita na mbuzi asipite. Watoto walihamia humo pamoja na mama yao kabla hawajatimiza mwezi. Wanakula humo, wanakimbilia humo mbuzi akiwatisha. Mwanzoni tuliwaweka na majike watulivu na vitoto vyao. Beberu alikaa kando, maana pigo moja la pembe humtia mbwa mdogo hofu ya mbuzi maisha yake yote. Walizoea haraka. Kulikuwa na baridi moja asubuhi ya mvua, nikakuta mbwa na vitoto vya mbuzi wamelala wamebanana, huwezi kujua mguu ni wa nani.

Watoto wa nyumbani walilia kuzuiwa kucheza nao. Niliwaeleza: mtawashika, lakini kule kule zizini, na kwa muda mfupi. Mbwa lazima azoee kushikwa mdomo, masikio na miguu, la sivyo siku ya sindano utahitaji wanaume wanne. Asichopaswa kuzoea ni kubebwa hadi sebuleni.

Kipindi kigumu ni ujana, miezi sita hadi mwaka. Mbwa ana nguvu na anataka mchezo, na kitoto cha mbuzi kikikimbia kinakuwa mchezo wenyewe. Wawili kati ya watano walianza kung'ata masikio na mikia. Tuliwafunga shingoni kijiti kinachoning'inia mbele ya magoti. Akitembea hakimsumbui, akikimbia kinampiga miguu. Pamoja na hicho, walikaa na majike wakubwa wenye pembe, ambao hawana subira na utani. Mmoja aliacha kabisa. Mwingine, Radi, hakuacha, na nimemtoa kwenye orodha ya wazazi. Yeye sasa yuko shambani usiku, kwenye viazi, ndani ya ua wa minyaa, na kule anafanya vizuri mno. Nguruwe pori wakisikia mbwa mmoja anabweka kwa uhakika na watu wanaitikia kwa madebe, wanageuza njia.

Jike mdogo aliyependa kufuata watu, Tausi, yuko kwa mama watoto kwenye kuku. Kenge hawasogei tena kirahisi. Tumemfundisha abweke na asikamate, kwa sababu kenge mkubwa ana mkia wa kuvunja na meno yanayoshika.

Waliobaki zizini ni watatu, wamepita mwaka mmoja. Sitasema wamekomaa. Mbwa wa kazi hii huiva akikaribia miaka miwili.

Kiboko na mamba

Maji ya mbwa yako zizini kwenye beseni, muda wote. Sababu ni mamba. Mbwa anayeshuka ziwani jioni kunywa maji siku moja hatarudi. Kwa kiboko, amri ni ya filimbi: ikipigwa, kila mbwa arudi ndani ya ua. Tumeifanyia mazoezi kwa vichwa vya dagaa hadi wanarudi hata wakiwa katikati ya kubweka.

Kizunguzungu cha mbuzi

Hili ningeomba kila mwenye mbuzi na mbwa alisome mara mbili. Kuna tegu anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, yanabaki kwenye majani, mbuzi anayala, na lava husafiri hadi kwenye ubongo na kujenga mfuko wa maji. Mbuzi huinamisha kichwa upande, anazunguka mahali pamoja, anapofuka, anaanguka. Sisi tunamchinja, kisha kichwa tunamtupia nani? Mbwa. Mzunguko umekamilika na mwaka ujao unawazika wengine huku ukilaumu uchawi au majani mabaya.

Kwangu vichwa vya mbuzi waliougua vinachomwa. Maini na mapafu yenye malengelenge ya maji vilevile, kwa sababu hayo yanatokana na tegu mwingine, mdogo zaidi, ambaye mayai yake yakimwingia binadamu humjengea mifuko kwenye ini. Mbwa wote wanapewa prazikwanteli kila miezi mitatu, na kinyesi chao cha siku zinazofuata kinazikwa. Mbwa wa kulinda mbuzi asiyepewa dawa ya minyoo anaweza kuua mbuzi wengi kuliko fisi aliyemzuia.

Chanjo

Chanjo ya parvo na ya distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, ilianza wakiwa na wiki nane, ikarudiwa hadi walipofika miezi minne. Ya kichaa cha mbwa walipata wakiwa na miezi mitatu, na ni kila mwaka. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa kichaa cha mbwa vinatokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kuendelea. Ndiyo maana nimewashawishi majirani tuwapeleke wote siku moja, kila Septemba 28, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Ukiumwa: sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kupe tunawapulizia dawa ya mbwa kwa kipimo cha mbwa. Kuna wanaotumia dawa ya kunyunyizia pamba. Tafadhali, hiyo ni sumu. Mbwa anajilamba na inapita pia kwenye ngozi.

Chakula

Dona la mahindi na dagaa waliochemshwa. Dagaa wa kuanikwa chini wana mchanga mwingi, kwa hiyo huoshwa kwanza. Mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, nayo tunayachemsha hadi mfupa ulainike na kusagika kwa vidole. Mapanki yaliyokaangwa hapana, mfupa mkavu unachoma koo.

Kuhusu kuwinda

Mzee mmoja wa hapa, aliyewinda na mbwa ujana wake, aliwatazama watatu hawa akaniambia, "Mjukuu wangu, hawa ungenipa mimi, ungekula nyama kila juma." Nilimjibu, "Babu, nikiwafundisha kuua mnyama anayekimbia, mbuzi wangu watapona?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kweli, mbwa wake wa zamani hawakuwahi kulala na mbuzi. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kusoma kubweka: sauti ya juu ya haraka ni mtu au mbwa mwenzake, sauti nzito yenye kukatika ni mnyama aliyesimama. Ujuzi huo ninautumia kila usiku.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali kwa anayewinda, na mitego ya nyaya huko porini inakata miguu ya mbwa. Tena nguruwe pori hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila yeye kuugua. Ukileta nyama yake nyumbani, mabanda ya nguruwe ya kijiji kizima yanaweza kwisha.

Kinachofuata

Safari anapumzika, hatapandishwa joto lijalo. Binti yake aliyebaki zizini, Neema, amepita joto lake la kwanza na nitasubiri la tatu, nione kwanza atakavyokuwa akikomaa. Dume lazima atoke nje ya ukoo huu. Kuna mfugaji wa Sengerema mwenye mbwa mweusi anayesifiwa kwa fisi. Tumekubaliana nikae kwake usiku kadhaa kiangazi hiki, nimwone akiwa kazini, na daktari amkague kabla ya kuzungumza bei.