Jioni aliyofariki Sokoine

Mwaka 84 nilikua darasa la tano, Morogoro mjini. Ule mwaka ulianza vibaya toka Januari, Zanzibar Rais wao Mzee Aboud Jumbe kajiuzulu, wakubwa wananong'ona barazani sisi tunafukuzwa tukacheze mbali. Na shida ndo usiseme, sabuni hamna mama anafulia majani ya mpapai, betri za redio tunazianika juani zipate nguvu kidogo.

Baba mdogo alikua na kiduka. Mwaka wa nyuma yake, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, ule wa Sokoine wa kukamata walioficha bidhaa, alikua na magunia mawili ya sukari uvunguni, usiku mmoja akayabeba na kaka yangu wakaenda kumwaga mtoni. Asubuhi mama alilia sana, sukari yote ile na sie tunakunywa uji wa chumvi! Toka siku hiyo habari ya sukari nyumbani haikutajwa tena.

Sasa Alhamisi tarehe 12 Aprili, jioni, redio iko barazani, tukasikia sauti ya Mwalimu Nyerere mwenyewe, nzito, anatangaza kwamba Waziri Mkuu Sokoine amepata ajali akitoka Dodoma na amefariki. Mama akaweka mwiko chini. Baba mdogo akatoka dukani akakaa kwenye ngazi, kimya, muda mrefu, mpaka giza likaingia ndo akasema, "Shemeji, ile sukari niliimwaga mwenyewe kwa woga. Yule bwana hakuiba hata kijiko." Alikua analia, na mie sikuwahi kumuona analia hata kwenye msiba wa bibi.

Baadae tukajua ni Dakawa, yani hapo tu njia ya Dodoma, na gari lililogongana na lake lilikua la kijana mkimbizi wa Afrika Kusini, wa ANC, chama chao cha kupigania uhuru. Mtaani maneno yakachemka, ooh kauawa, ooh sijui nini. Wale vijana wa ANC wa Mazimbu, kambi yao pale Morogoro, sisi tuliwazoea, sokoni tuko nao, dukani wanakuja.

Kesho yake kutwa akaja dada mmoja wa kwao, mteja wetu wa siku zote, akasimama mbali kule kwenye mwembe, hasogei, watu wanamwangalia tu. Baba mdogo akatoka, akamfata, akamshika mkono mbele ya wote akaingia nae dukani. Alitaka kibiriti. Akapewa, na hela yake akarudishiwa.